Haki ya Paka Aliyeokotwa



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitembeacho juu ya ardhi, aliyejidhaminia riziki ya kila kimoja kabla hakijazaliwa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkisikiliza, jambo nitakalolizungumza leo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Hata mimi nalikuwa nikiliona dogo, mpaka lilipoletwa mbele yangu na mtoto mmoja wa chuoni.

Alikuja baada ya Alasiri, wenziwe wamekwisha toka, akasimama mlangoni akiizungusha kofia yake mkononi. Akasema: "Maalim, tulimwokota paka sokoni kwa samaki. Alikuwa ametiwa ndani ya gunia pamoja na nduguze wawili, nao walikuwa wamekwisha kufa. Tukampeleka nyumbani. Siku ya nne baba akamrudisha palepale. Sasa sisi tumepata thawabu za kumwokota, au tumepata dhambi za kumrudisha?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka mingi, na sikuwa na jawabu la mara moja. Nikamwambia aje kesho. Usiku ule baada ya Magharibi nikenda kwa baba yake, mtu mwema, asiyekosa safu ya mbele. Akanieleza kwa masikitiko: "Sheikh, yule si paka wa kukaa na watu. Tumempa vichwa vya samaki, tumempa maziwa, mama watoto amemtandikia kanga yake. Naye siku zote nne yumo uvunguni mwa kitanda. Ukimsogelea anafoka. Usiku analia. Panya wanapita mbele yake. Mwisho akamkwaruza mtoto mdogo mkononi, na jirani akasema macho yale si ya paka." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Mgeni siku mbili, Sheikh, ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa ya nne."

Msemo huo ni wetu, nao una maana yake kwa mgeni aliyekuja kwa miguu yake, akabisha hodi, akakaribishwa. Lakini huyu hakubisha hodi. Alitiwa gunia na mtu mmoja, akatolewa ndani ya gunia na mtu mwingine, akatiwa ndani ya kapu, akafunguliwa kwenye nyumba asiyoijua harufu yake. Kwake yeye, hiyo mikono miwili ina tofauti gani?

Tuanze na yale tuliyofundishwa. Nyote mnaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Wengi huikumbuka kama hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka, wakaishia hapo. Lakini Bwana Mtume (S.A.W.) alilitaja kosa lake kwa ukamilifu: alimfunga, wala hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini, hata akafa. Wanavyuoni wakafahamu katika maneno hayo kwamba mwenye kumweka paka ndani, akamlisha na kumnywesha, hana lawama. Jambo hili lina kazi kubwa katika mazungumzo yetu ya leo, na nitalirudia.

Walifahamu na jingine. Mtu akishamshika mnyama, haki ya yule mnyama imeingia shingoni mwake. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, yaani 1262, aliziandika haki hizo katika kitabu chake cha kanuni za sharia. Alisema mwenye mnyama amlishe hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hatapata tena faida naye. Asimtwike asiloliweza. Asimweke pamoja na kitakachomdhuru, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine. Angalieni hapo: hakusema anayekamata panya ndiye alishwe na asiyekamata aachwe. Amesema hata asiye na faida.

Na mji aliofia Sheikh huyo, Cairo, ndio mji ambao mtawala wa zama zile, Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, anatajwa kuwa aliweka wakfu bustani kwa ajili ya paka wasio na wenyewe. Mwingereza mmoja, Edward Lane, aliyekaa Misri katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba bustani yenyewe ilikuwa imekwisha uzwa na kubadilishwa, lakini kila siku wakati wa Alasiri paka wa mji walikuwa bado wakiletewa chakula katika ua wa mahakama ya Kadhi. Zaidi ya miaka 500! Sisi tunaona siku nne ni nyingi.

Basi turudi uvunguni mwa kitanda.

Kwa nini paka aliyeokotwa hujificha? Watu husema hana shukurani. Lakini mnyama huyu asili yake ni paka mwitu wa nchi za Mashariki ya Kati na kaskazini ya Afrika, ambaye huwinda peke yake na hana kundi la kumkinga. Anapotishika hana wa kumwita. Anajua mambo mawili tu: kukimbia na kujificha. Na akikosa pa kukimbilia, ndipo hutoa kucha. Ulimwengu wake anaujua kwa pua kabla ya macho. Nyumba yenye harufu ngeni kwake ni kama kwako wewe kuamka usiku wa giza katika mji usioujua, watu wote wakiongea lugha usiyoifahamu. Kule uvunguni hakufanya ukaidi. Alikuwa akijilinda kwa namna aliyoumbwa nayo, na Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-An'am kwamba wanyama na ndege ni umma mbalimbali kama tulivyo sisi. Kila umma una desturi yake.

Bwana Mtume (S.A.W.) aliingia siku moja katika shamba la mtu wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatoka machozi. Mtume akamsogelea, akampangusa nyuma ya masikio hata akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumwambia amche Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia huyo ameshitakia njaa na kuchoshwa. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Utaona kwamba hakuanza kwa kuuliza ngamia huyu ana ukorofi gani. Aliuliza mwenyewe ni nani.

Na Bibi Aisha (r.a.) alipompanda ngamia mgumu, akawa akimvutavuta huku na huku, Mtume alimhimiza juu ya upole, akamfahamisha kwamba upole hukipamba kila unachoingia, na ukiondolewa hubakia aibu. Ngamia yule alikuwa mgumu kweli, hadithi yenyewe inasema hivyo, na juu ya hayo aliyefundishwa ni mpandaji.

Sasa upole huo kwa paka ni vipi? Hapa nitaomba radhi kwa wale wanaopenda hotuba iwe ya aya na hadithi tupu. Kumpa mtu hukumu bila ya kumwonyesha njia ni kumwacha nusu ya safari. Haya nimeyapata kwa daktari wa mifugo na kwa mabibi wawili wa mtaani petu ambao nyumba zao hazikosi paka, na mabibi hao, naona, wanajua kumzidi daktari.

Usimfungulie paka mgeni nyumba nzima. Mpe chumba kimoja kidogo, cha stoo au cha pembeni, mlango ufungwe. Hapo ndipo mtu atakaponiambia: Sheikh, si huko ndiko kumfunga? Ndiyo maana nikasema tutaikumbuka hadithi. Yule mwanamke alifunga mlango na mkono wake. Wewe unafunga mlango ukiingia na chakula asubuhi na jioni, na maji safi, na kisha unakaa naye. Chumba kidogo kwake ni nchi ndogo anayoweza kuimaliza kuijua. Nyumba nzima ni jangwa. Mwekee humo boksi la karatasi lililolazwa ubavu, au kapu lililofunikwa kitambaa, apate mahali pa kujificha palipo halali yake. Akitaka kukaa humo siku tatu, akae. Mwekee karai au beseni pana la mchanga mkavu kwa haja yake, mbali na chakula, kwani naye hapendi kula chooni. Kwa tabia yake atachimba na kufukia. Mchanga huo usafishwe kila siku.

Kisha ingia, ukae chini, usimtazame usoni. Soma Kurani yako, au mtoto adurusu masomo yake kwa sauti ya taratibu. Usimvute kwa mkono wala usimtoe uvunguni kwa ufagio. Akitoka mwenyewe, nyoosha kidole chini, umwache anuse. Akikutazama, fumba macho yako polepole na kuyafumbua. Mabibi wale wameufanya mchezo huu tangu utoto wao. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliupima, wakaona kweli paka hujibu kwa kufumba macho vilevile, na humkaribia mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko aliyewatazama bila ya kufumba. Basi wenye elimu ya vyombo wamewafikia bibi zetu.

Siku ngapi? Wafugaji wana kadirio lao: siku tatu za kupunguza hofu, wiki tatu za kuzoea mwendo wa nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Hili ni kadirio tu. Yupo atakayelala miguuni mwako usiku wa kwanza, na yupo aliyepigwa sana ambaye atachukua mwaka. Umri nao una sehemu yake. Mtoto wa paka aliyeshikwashikwa na wanadamu tangu wiki ya 2 hadi ya 7 ya maisha yake huwa mwepesi kuzoea. Aliyepitisha wiki hizo jalalani bila ya mkono mwema, mtu asimtarajie wepesi huo. Lakini hiyo isiwe sababu ya kumpokonya mama watoto wake wachanga. Mnakumbuka yule ndege ambaye Masahaba walichukua makinda yake safarini, akaja akipiga mbawa juu yao, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe. Wiki 8 japo, wakae na mama yao.

Chakula: samaki na nyama ndiyo maumbile yake, wali mtupu haumtoshi. Maziwa ya ng'ombe, ambayo sote tunaamini ndiyo karamu yake, huwaharisha paka wengi wakubwa, basi mpeni maji. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina sumu kwake, kwa hiyo mchuzi wetu haumfai. Na tafadhali sana, mtu asimpe vidonge vya paracetamol akidhani anamtibu homa. Kidonge kimoja chaweza kumwua. Paka mgeni akikataa chakula kabisa kupita siku mbili, hiyo si hofu tena ya kungojewa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani ini lake huharibika upesi kwa njaa.

Na kama nyumbani mna paka mwingine, msiwakutanishe siku ya kwanza ati wasalimiane. Hapa ndipo maneno ya Sheikh Izzuddin yanapoingia, ya kutomweka mnyama na kitakachomdhuru hata kikiwa cha jinsi yake. Mwenyeji abaki nje ya mlango, mgeni ndani. Badilishaneni vitambaa wanavyolalia, kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Waleni wote karibu na mlango, huyu huku na yule kule. Baada ya siku nyingi fungueni upenyo. Wakifokeana, fungeni, mwanze tena kesho.

Wako watakaouliza juu ya usafi. Kabsha, binti wa Kaab bin Malik, alikuwa akimtilia maji ya udhu mkwe wake, Sahaba Abu Qatada. Paka akaja, na yule mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Imam Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Basi mabaki ya kinywaji chake ni safi. Mkojo na kinyesi chake ni najisi bila ya shaka, kwa hiyo karai lake lisikae karibu na msala. Na unywele ulioachana na mwili wake, katika madhehebu yetu una hukumu ya najisi, lakini mchache husamehewa, hasa kwa mwenye kukaa naye. Mtu asijitie wasiwasi akaacha kuswali kwa nywele tatu za paka. Mja mzito asiishike takataka ya paka, afanyiwe na mwingine, kwani yamo maradhi yawezayo kumdhuru aliye tumboni. Na akikukwaruza au kukuuma mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa huwapata na paka. Paka wa nyumbani naye achanjwe.

Ama yule jirani na macho yake. Macho ya paka hung'aa gizani kwa sababu nyuma ya jicho lake pana utando unaorudisha mwanga, ili aone kwa mwanga kidogo. Majini wapo, Kurani imewataja, wala sisemi hawapo. Lakini kumtuhumu kiumbe mwenye njaa kwa sababu ya macho aliyopewa na Muumba wake, kisha kumpiga jiwe kwa sababu ni mweusi, hilo silioni katika vitabu. Wala, nikiwa hapo, ile hadithi tunayowasimulia watoto kwamba Mtume alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka, nayo haimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Aliyesimuliwa kufanya hivyo katika vitabu vya wasifu ni Sheikh Ahmad Ar-Rifai, aliyefariki mwaka 578 wa Hijra, yaani 1182. Abu Huraira, yeye, tuna habari yake kwa Tirmidhi, kwamba alipokuwa akichunga alikuwa na kipaka akikiweka usiku mtini na mchana akicheza nacho, na ndipo akapewa jina lile.

Linabakia gunia. Nalitaja mwisho kwa sababu ni zito. Mtu ana paka jike, amezaa watano, chakula hakitoshi, watoto wa mtu wenyewe hawajashiba. Namfahamu mtu huyo, wala simtukani. Lakini kuwafunga ndani ya gunia na kuwatupa ndiko hasa kule kufunga bila ya kulisha wala kuachilia. Awagawe kwa majirani walio tayari. Awagawe, nasema, wala asiuze, kwani imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir makatazo ya thamani ya paka. Na ingawa wanavyuoni wengi wameruhusu kuuza, wameyachukulia makatazo hayo kwamba ni mnyama wa kupeana kwa wema. Juu ya kumhasi au kumfunga uzazi, wanavyuoni wamehitilafiana: wapo waliokataza kuhasi mnyama asiyeliwa, na hiyo ndiyo kauli ijulikanayo kwetu, na wapo walioruhusu ikiwa ipo faida na hapana madhara kwa mnyama. Aliyefikwa na jambo hilo amwulize mwanachuoni wake na daktari, kabla ya watoto kuzaliwa, siyo baada ya gunia kushonwa.

Yule mtoto alikuja kesho yake kama nilivyomwambia. Nikamjibu kwamba la kumwokota tunataraji limekwisha andikwa kwa fadhila za Mola. Na la kumrudisha halijafika mwisho wake, maana soko lipo na miguu tunayo. Tukenda sote watatu, baba naye, baada ya Alfajiri, wakati mashua zinaposhusha. Siku ya kwanza hatukumwona. Siku ya pili tulimwona paka mwingine tukadhani ndiye. Siku ya tatu mtoto alimtambua chini ya meza ya mchuuzi wa pweza, sikio moja limechanika. Baba ndiye aliyelala kifudifudi kwenye maji ya samaki akamtoa, na kanzu yake nyeupe nadhani haikupata kutakata tena.

Alikaa stoo siku kumi na moja kabla ya kuvuka kizingiti. Mama mtu alikuwa akikaa naye huku akichambua mchele. Sasa ni mwezi wa tano. Hulala juu ya mlango wa kabati, hushuka akisikia sauti ya yule mtoto akirudi chuoni, na mgeni akija bado hukimbilia uvunguni. Panya, baba yake ananiambia, bado hajakamata hata mmoja.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.